Mafiga Tumboni mwa Zimwi

Sogeeni, ngano imewiva!

Bi Mwanakhero alirithi mafiga matatu ya ajabu: akiwasha moto jikoni, yalipata moto popote yalipokuwa. Mwanawe Shekue, jitu zima lenye ndevu, alikuwa mlevi, mtumwa wa tembo la Zimwi.

Akaiba figa la kwanza, akalipeleka kwa Zimwi. Zimwi likalimeza, likampa kibuyu cha tembo. Mama akalia, akasamehe. Akaiba la pili, Zimwi likalimeza. Mama akalia, akasamehe. Akaiba la tatu, Zimwi likalimeza. Mama hakulia.

Zimwi likaja kupiga hodi. "Mafiga yamekwisha. Sasa namtaka mwanao mwenyewe."

"Keti hapo uani," mama akasema, akaingia jikoni, akawasha kuni mahali patupu palipokuwa na mafiga.

"Zima, mama! Tumbo linaungua!" Zimwi likapiga kelele.

"Nilipolia mimi, ulinisikia?" Akachochea, akapuliza, mpaka Zimwi likawa majivu.

Shekue akaja analia. "Mama, nifungulie."

Mama akampitishia mhogo wa kuchoma dirishani. "Kula. Mimi nikiwapo hufi njaa. Lakini ndani huingii mpaka uyatoe mafiga majivuni kwa mikono yako, unirudishie."

"Bado ya moto, mama!"

"Najua," akasema, akafunga dirisha.