Funo na Sauti ya Majanini

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia huku mnawaza ugali. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na msitu mzito ambao miti yake haikupukutisha majani, masika wala kiangazi. Humo waliishi funo, paa wadogo wa msituni, kila mmoja na kichaka chake. Funo hakumtembelea funo. Alipita tu, akasugua shavu kwenye kijiti, akaacha harufu yake, akaenda zake. Jirani akija hunusa na kusema, "Alhamdulillahi, mwenzangu yu mzima."

Siku moja sauti ikatoka majanini. "Nyie funo, mbona mnaishi kama wachawi? Swala wa mbugani wanakaa kundi. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Funo wakaona haya. Nani anapenda kuitwa mchawi? Wakakusanyika bondeni, arobaini, na Mama Funo akaja na mwanawe wa pekee.

Siku ya kwanza walikula matunda yote yaliyoanguka, wakacheka. Siku ya pili matunda yakawa hakuna, wakagombea majani. Kwato zao chaka chaka chaka, msitu mzima ukasikia. Jioni wakajihesabu: thelathini na tisa. "Amepotea tu," wakasema. Siku ya tatu wakajihesabu tena: thelathini na saba.

Mama Funo akaogopa kwa ajili ya mwanawe. Akamchukua, wakaenda hadi ukingoni mwa msitu, akamwita Swala.

"Dada, kundi lenu lina dawa gani?"

"Dawa? Macho tu, dada yangu. Hapa nyasi ni fupi. Mmoja akimwona simba, sote tumemwona. Kwenu mnaona umbali gani?"

Mama Funo akageuka. Aliona majani. Hata mwanawe, aliyekuwa hatua tano nyuma yake, hakumwona.

"Mwanangu!"

"Nipo, mama."

Wakarudi mbio bondeni. "Jamani, ile sauti iliyotuambia tukae kundi, nani alimwona msemaji?"

Funo wakatazamana. Hakuna aliyemwona.

Sauti ikajibu kutoka juu, kwa upole. "Msitawanyike, wanangu. Mmebaki wangapi?"

Mama Funo akapiga kwato chini, pu! Wote wakatimka, kila mmoja na njia yake. Chui akaruka kutoka tawini. Akimfuata huyu, kaingia kichakani. Akimgeukia yule, hayupo. Akabaki na matope mdomoni.

Asubuhi Mama Funo akapita njiani akinusa vijiti. Huyu mzima. Huyu naye mzima. Vijiti vitatu havikuwa na harufu mpya. Akasimama hapo, akalia. Kisha akamfundisha mwanawe kusugua shavu.

Basi, wanangu, kundi ni ngao penye macho. Mkiambiwa mwige wenzenu, tazameni mmesimama wapi, na anayewaambia ni nani. Na jirani msiyemwona kila siku msimwite mchawi.

Hadithi yangu imeingia kichakani. Anayeitaka anuse njia.