Sabuni ya Kitobwe Iwe ya Nani?

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kwanza. Leo sikuleta hadithi ya kulalia. Nimeleta fundo ambalo kucha zangu zimeshindwa kulifungua, na nimechoka kuhangaika nalo peke yangu. Mnalipokea? Basi lishikeni.

Katika nchi ya michikichi palikuwa na mji uitwao Kitobwe, na katika mji huo waliishi watu watatu waliojaliwa.

Wa kwanza ni Mzee Bukuru, mkamua mawese. Yeye alijaliwa sikio. Mnajua mawese ni mekundu, lakini yakichemka sana wekundu hufa yakabaki meupe. Kazi ni kujua lini. Ukiepua mapema, bado mekundu. Ukichelewa kidogo, yameungua. Bukuru aliigeuzia sufuria mgongo, akafumba macho, akasikiliza, kwa sababu mafuta yanapogeuka, alisema, hugeuza na sauti. Watu walisimama pembeni yake wakatega masikio wasisikie chochote. Halafu yeye husema "sasa," wanaepua, na mafuta ni meupe kama tui la kwanza. Mimi nimelisimulia jambo hili mara nyingi na bado mwili hunisisimka.

Wa pili ni Ntahondi, mwanamke kijana aliyechoma mikungu mitupu ya michikichi na kuchuja majivu yake. Yeye alijaliwa ulimi. Maji ya majivu ndiyo ukali wa sabuni: yakizidi yanachuna ngozi, yakipungua sabuni haishikani. Ntahondi alichovya unyasi, akaugusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, kisha akakwambia mna jivu la mgomba lililoingia kwa bahati mbaya, na kwamba maji yanataka kuongezwa kata moja tu. Nanyi watoto msijaribu nyumbani, mtaota malengelenge mshindwe hata kula ugali. Yeye hakuwahi kuungua na hakuwahi kukosea.

Wa tatu ni Mwamvita, mjane muuza chumvi. Yeye alijaliwa mkono. Uji wa sabuni ukiwa jikoni, alitupia chumvi kwa kiganja, gao kwa gao, na sabuni ikajitenga na maji, ikapanda juu, ikaganda. Akiikata aliikata kwa uzi, bila rula wala kipimo, na kila mche ukawa sawa na mwenzake. Wabishi walileta mizani wamuumbue. Mizani haikuinama huku wala kule, wakaondoka kimyakimya.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kitobwe kulikuwa na duka la mgawo, lile ambalo serikali hubeba nusu ya bei ili mnyonge naye apate unga, sukari na sabuni. Sabuni yake ilitoka kiwanda kikubwa cha mbali, ikaja kwa treni. Treni isipofika, kina mama walifulia majani ya mpapai, na watoto wachanga wakatoka vipele kwa nepi zisizotakata. Ndipo mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba kuanzia sasa, katika kuliuzia duka la mgawo, mtengenezaji mdogo atatangulizwa mbele ya kiwanda.

Mtengenezaji mdogo. Kila mmoja wa watatu wale alidhani ameitwa yeye. Bukuru alikuwa mfupi, akauliza ni nani Kitobwe nzima aliye mdogo kumliko. Watu wakamtania kwamba Bukuru ni jina la pacha mkubwa, sasa udogo ameutoa wapi. Ntahondi naye alikuwa mdogo kwa umri. Mwamvita alikuwa mdogo kwa mali. Chumba chake ukilala na kujinyoosha, miguu inapiga hodi kwa jirani. Basi kila mtu akajifungia kwake, akapika sabuni peke yake.

Sabuni ya Bukuru ilitoka nyeupe, ikachuna watu viganja.

Sabuni ya Ntahondi ilikuwa laini mkononi, ila shuka nyeupe zilitoka majini na rangi ya chai.

Sabuni ya Mwamvita ilikuwa ngumu na miche yake ililingana kama mapacha, lakini povu haikutoa. Ilikuwa sawa na kufulia jiwe la mtoni.

Afisa ugavi, Bwana Lukindo, alishuka kwenye treni akazikagua zote tatu. Hakumcheka mtu. Aliwaeleza kwamba mdogo maana yake ni yeyote asiye na kiwanda kikubwa, kwa hiyo wote watatu ni wadogo. Lakini sabuni hizi hawezi kuwapa wananchi. Angerudi na treni ijayo, na asipoikuta sabuni inayofaa, duka lingebaki mikononi mwa kiwanda.

Watatu walikutana kisimani, kila mmoja amekuja kuosha sufuria ya aibu yake. Wakatazamana, wakacheka mpaka machozi. Hakuna anayekumbuka nani alilitamka kwanza neno la kupika pamoja, na msiniulize mimi. Siku ileile waliinjika sufuria moja. Bukuru akasikiliza, Ntahondi akaonja, Mwamvita akatupia chumvi na kukata.

Bwana Lukindo aliporudi, mji mzima ulikusanyika mbele ya duka. Bibi mmoja, Sikujua, akaja na kanga aliyopewa siku ya kumwoza binti yake. Karamuni ilimwagikiwa mchuzi wa mawese, na tangu hapo alikuwa ameificha sandukuni, maana doa la mawese huzeeka pamoja na nguo. Akachukua mche mmoja, akafikicha. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Akasuuza, akaikunjua kanga juani, na doa halikuwepo.

Watu wakaisogelea waipapase wenyewe. Fikirini nanyi: mawese ndiyo yaliyoichafua kanga ile, na mawese yaleyale, yakipita kwenye sikio, ulimi na mkono, ndiyo yaliyoisafisha. Bibi Sikujua alijifunika kanga usoni, na wanaume wakaangalia pembeni.

Bwana Lukindo akavua kofia. Alisema amepita miji mingi na hajaona sabuni kama hii, na kwamba duka la mgawo litauza sabuni ya Kitobwe. Kisha akauliza ni ya nani.

Wakajibu ni yetu. Akatikisa kichwa. Sheria inataka jina moja, la mtu mmoja, kwa sababu mahali pengine tajiri fulani aliwakusanya maskini kumi, akajificha nyuma yao na kujiita mdogo. Mwenye jina ndiye atakayekuwa mtengenezaji, na haki hiyo watairithi wanawe. Wawili watakaobaki watakuwa wauzaji wa mafuta, au majivu, au chumvi, na mwenye jina akipenda atanunua kwingine.

Bukuru akasema pasipo mafuta hakuna cha kupika. Ntahondi akasema pasipo ukali wa majivu, mafuta hayo yangebaki ya kukaangia. Mwamvita akasema pasipo chumvi na uzi ungekuwa uji, na uji haugawiwi kwa haki. Hakuna aliyedanganya. Mtu akakumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na Bwana Lukindo akamjibu kwa huzuni kwamba sheria imeomba kidole kimoja.

Akawageukia akawauliza: nikimwandika mwenzako, utaendelea kuleta kilicho chako?

"Mafuta nitaleta, Bwana Ugavi," akasema Mzee Bukuru. "Lakini sikio haliji kwa kuagizwa. Nikiwa mtu wa kuuza tu, sijui kama nitasikia."

"Majivu nitaleta," akasema Ntahondi. "Ulimi siwezi kukuahidi."

Mwamvita aliutazama mkono wake kwanza. "Chumvi nitaleta, baba. Huu utakuja ukipenda wenyewe."

Hawakusema kwa kiburi, na hiyo ndiyo inayonitisha. Walikuwa wakisema kweli kuhusu kitu wasichokimiliki.

Treni ikapiga honi. Asipoandika jina, kesho sabuni ya kiwanda inarudi, na majani ya mpapai nyuma yake. Bibi Sikujua akamshika Bwana Lukindo mkono. "Mwandike yeyote, mwanangu," akamwambia, "ila usiondoke bila kuandika."

Basi, nyinyi mlionisikiliza, kalamu ya Bwana Lukindo nawakabidhi. Mtamwandika nani? Na kabla hamjaniambia jina, nataka kwanza nisikie maneno mtakayowaambia wale wawili waliobaki, wakiwa wamesimama mbele yenu, wanawatazama.