Hodi Nne kwa Nne

Zahanati moja ya mlimani ilikuwa na fundi wa kompyuta, kijana wa maneno mengi, shule aliiacha kidato cha pili na hakuiaga. Msimcheke, na mimi niliachana nayo hukohuko. Simu za mkononi kule hazishiki. Kuna dishi moja juu ya paa, na maombi yote ya gari la wagonjwa hupitia kwenye kompyuta kwenda hospitali ya wilaya, chini bondeni.

Asubuhi moja, saa mbili, akaletwa mama mwenye uchungu. Mtoto amekaa vibaya, lazima upasuaji. Muuguzi akatuma ombi la gari. Ikafika saa tatu, kimya.

"Mdogo wangu, hebu angalia kama mtandao upo," akasema.

Fundi akavuta kiti kama waziri. Akafungua lile dirisha jeusi la maandishi matupu, ambalo watu wakiliona huogopa, naye alipenda sana waogope. Akaandika amri moja na anwani ya kompyuta ya hospitali, akabonyeza. Majibu yakashuka mstari kwa mstari.

"Dada, wapo! Hii ni sawa na kupiga hodi. Nimepiga nne, zimeitikiwa nne. Hakuna hata moja iliyopotea!"

"Wamesema gari linakuja?"

"Dada nawe! Mtu akiitikia hodi si yupo ndani?"

Mume wa yule mama alikuwa mlangoni na majirani sita, machela wameshaifunga. "Tumbebe tu, dada. Ni mwendo wa masaa matatu, tutafika."

"Mumbebe kama mzigo wa kuni, na wenzenu wako hewani?" Fundi akacheka. "Kaka, karne gani hii? Weka chini machela."

Wakaiweka. Ungekuwa wewe, usingeiweka? Si fundi kasema?

Saa nne akapiga hodi: nne kwa nne. Saa tano: nne kwa nne. Kila mara alitangaza kwa sauti kubwa, na kila mara sauti ya yule mama kule ndani ilikuwa imepungua. Saa tano na nusu mume hakuaga mtu, akashuka mlima mbio.

Saa tisa gari likafika, naye yumo. Muuguzi alikuwa ameshawafunika, mama na mtoto.

Mume hakupiga kelele. Alimwendea fundi, akasema taratibu, "Gari nimelikuta limeegeshwa. Dereva anakula mihogo. Chumba cha kompyuta kina kufuli tangu jana, karani yuko harusini. Nimechungulia dirishani, kuna kitaa cha kijani kinapepesa. Basi. Hicho ndicho ulichokuwa unaongea nacho."

Fundi akarudi kitini, akabonyeza tena. Nne kwa nne. Kompyuta ikiwa imewashwa huitikia yenyewe, hata chumba kiwe kaburi. Amri aliijua; nani anaitika, hakuwahi kujiuliza.

Mnamlaani? Ngojeni kwanza. Yule mjane wa benchi la nyuma humu kanisani alipofiwa mwezi uliopita, kwenye grupu la kanisa ziliingia "pole sana, tuko pamoja" sitini na tatu. Ya kwanza ilikuwa yangu, tena nikaweka na kile kipicha cha viganja vya kuomba. Wiki ya pili, nani alikwenda kumchotea maji? Tukikutana naye njiani tunamuuliza habari, anasema nzuri, tunapita. Hodi imeitikiwa! Na ndugu zake walikuja kumchukua akakae nao. Wakasikia kanisa liko pamoja naye, wakarudi kwao. Waliweka machela chini, jamani, kwa sababu yetu sisi. Sisi tuliowashwa, kitaa kinapepesa, na mlangoni kufuli.

Hapa huwa nasema Bwana asifiwe, nanyi mnataka kuangusha paa kwa Amina. Leo sisemi. Kesho saa tatu nitakuwa mlangoni kwake na ndoo. Mwenye Amina yake aje nayo huko.