Kodi ya Tope

— Nabisha hodi na ngano!
— Pita nayo!
— Ina ukweli?
— Chembe!
— Ina uongo?
— Wa kutushibisha!

Basi tulieni. Na wewe uliyeanza kucheka hapo kwenye kona, kicheko chako kiweke kwanza. Utakihitaji baadaye. Hii inaanza na msiba.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na miji yao na wenyeviti wao, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kitopeni. Kitopeni haikuwa na kitu cha kujivunia ila bwawa moja. Kila mvua ilishusha udongo kutoka mlimani na kuulaza humo, na kiangazi kilipokuja, ukingo wote wa bwawa uligeuka tope. Ndiyo maana mwenyekiti wa kwanza, marehemu Mzee Kakakuona, alianzisha kodi ya tope. Haikuwa kodi ya fedha. Kila asubuhi ya kiangazi, kila nyumba ilitoa mtu mmoja, akachota kikapu kimoja cha tope, akaenda kukimwaga mbali. Ngiri alichota, Kanga alichota, Swala alichota. Wote walinung'unika, na wote walikunywa.

Mzee Kakakuona akafa, na kodi yake ikafa naye. Hakuna aliyeifuta. Asubuhi moja Ngiri alimtazama jirani, jirani hakwenda, naye hakwenda. Kesho yake Kanga alimtazama Ngiri. Ikaishia hapo.

Kiangazi kile kile, mtoto wa kwanza wa Mama Digidigi alishuka kunywa maji. Miguu ya digidigi mnaijua, ni vijiti. Akakanyaga, tope likasema: chubwi. Akavuta mguu mmoja, tope likasema: fyoo, likashika mwingine. Kila alivyovuta ndivyo alivyozama. Alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Na katikati ya bwawa alikuwa amelala Kiboko, pua zake mbili nje, anatazama. Msibani alipoulizwa kwa nini hakumtoa, Kiboko alisema, "Nilidhani anaoga."

Watu walilisikia neno hilo, wakatazama chini. Kiboko ni mkubwa. Mimi silisahau, na ndiyo maana nasimulia.

Sasa mji ukahitaji mwenyekiti mpya. Wakajitokeza wagombea wawili. Wa kwanza Kiboko. Wa pili Bi Pimbi, yule mdogo wa kwenye mwamba, mfupi, hana hata mkia wa kumfukuzia nzi.

Kiboko alitaka kiti kwa sababu yake mwenyewe. Tope lilikuwa godoro lake. Na ukingo ukiziba kwa tope, maji ya katikati nani atayafikia? Ni yeye tu. Lakini hayo hakuyasema. Alipita nyumba kwa nyumba, du, du, du, ardhi inatikisika, akasimama mlangoni kwa Ngiri.

"Bwana Ngiri, kodi mnaitaka?"

"Hatuitaki, Mzee."

"Kikapu mnakitaka?"

"Hatukitaki, Mzee."

"Basi mnanitaka mimi."

Ngiri akapiga makofi. Kiboko akaenda kwa Kanga, akauliza yale yale, akajibiwa yale yale. Akaenda kwa Swala, akauliza yale yale, akajibiwa yale yale. Kazi ya kampeni ikaisha kabla ya jua kali.

Nyuma yake akapita Bi Pimbi, tiki, tiki, tiki, hata vumbi halikuinuka. Akasimama kwa Ngiri.

"Bwana Ngiri, tope unaliona?"

"Naliona."

"Lilimmeza mtoto, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Inauma sana, Bi Pimbi."

"Basi nani atachota?"

Ngiri akajikuna shingo. "Jirani," akasema.

Akaenda kwa Kanga. Kanga tope aliliona, mtoto alimkumbuka, hata chozi lilimtoka. Nani atachota? "Jirani." Akaenda kwa Swala. Tope aliliona, mtoto alimkumbuka. Nani atachota? "Jirani."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Digidigi. Hapo Bi Pimbi hakuuliza maswali yale. Alimkuta mama huyo ametapakaa tope mpaka kifuani, kikapu mgongoni, anatoka bwawani peke yake. Nyuma yake alifuata mtoto wake wa pili, mdogo, bado anayumba akitembea.

"Kila siku unachota?" Bi Pimbi akauliza.

"Kila siku. Na kila siku linarudi." Mama Digidigi akatua kikapu. "Bi Pimbi, huyu bado ananyonya. Lakini maziwa yanakwisha. Wiki hizi atataka maji. Niambie mimi mama yake, atakunywa wapi?"

Bi Pimbi akamtazama mtoto, akaaga. Alirudi kwenye mwamba wake akakaa. Alijua kuhesabu watu kwa macho, na alijua ameshindwa. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na huruma, nyingi tu, ila huruma yao haikubeba kikapu.

Akakaa akawaza. Nanyi mjue kwamba pimbi ana tabia moja: asubuhi lazima aote jua. Na kutoka juu ya mwamba ule, akiota jua, Bi Pimbi alikuwa ameona jambo ambalo wenzake, kwa heshima zao, hawakukaa kulitazama. Aliona Kiboko anavyotoka majini kila asubuhi, akiwa ameshiba malisho ya usiku. Anapanda ukingo pale pale penye kichaka kimoja. Anasimama. Kisha anafanya haja yake, na mkia wake unafanya kazi ambayo Mungu aliupangia. Kichaka kile hakijawahi kuwa na jani safi.

Bi Pimbi akainuka, akashuka bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kujitoa?"

"Nimekuja kuuliza habari ya uchaguzi wa kesho. Msimamizi anataka kujua tutasimama wapi. Nimemwambia mkubwa achague kwanza."

Hapa niwaeleze. Kitopeni hawakupiga kura kwa karatasi. Mgombea alisimama, na kila aliyemtaka alikwenda kusimama nyuma yake kwa foleni. Karibu kabisa, pua kwa mgongo, ili isiwepo nafasi ya mtu kujipenyeza. Msimamizi alipita akihesabu, na mgombea aliyebanduka mahali pake kabla ya hesabu kwisha alihesabiwa amejitoa. Na msimamizi wa uchaguzi alikuwa Kobe. Walimchagua kwa uaminifu wake. Mwendo wake hawakuufikiria.

Kiboko akacheka, mapovu yakapanda majini. "Nitasimama pale ninapotokea kila siku. Pale kwenye kichaka. Ni mlangoni kwangu."

"Umechagua vema, Mzee. Mimi nitabaki mwambani kwangu." Bi Pimbi akageuka kama anayeondoka, kisha akasita. "Kuna maneno mjini, lakini sipendi kuyabeba."

"Yalete."

"Wanasema umepungua."

Kiboko akatoa kichwa chote nje ya maji. "Nimepungua?"

"Si mimi ninayesema. Wanauliza kama hamu ya kula bado unayo. Wanasema mwenyekiti dhaifu atawalinda vipi."

Jioni ile, jua likiwa bado juu, Kiboko aliita mji mzima ukingoni. Pale palikuwa na majani yaliyotunzwa kwa ajili ya mwisho wa kiangazi, majani ya mji wote. Kiboko akafungua mdomo. Mwafu! Akala ya upande wa Ngiri. Mwafu! Akala ya upande wa Swala. Mwafu, mwafu, mwafu! Akala mpaka udongo ukaonekana, kisha akauliza, "Nimepungua?"

"Hujapungua, Mzee!" wakaitikia, wakapiga makofi. Majani yao yanaliwa, na wao wanapiga makofi. Ningekuwapo ningelia, lakini sikuwapo.

Kukapambazuka. Bi Pimbi akapanda mwamba wake. Nyuma yake akasimama Mama Digidigi, mtoto wake ubavuni, na nyuma ya Mama Digidigi hapakuwa na mtu. Upepo tu.

Kiboko akatoka majini, akapanda ukingo, akasimama penye kichaka chake. Foleni ikajipanga nyuma yake mpaka ikapinda na kupotea kwenye vichuguu. Ngiri aligombana na Swala apate kuwa wa kwanza, ili Mzee amkumbuke. Akashinda. Akabandika pua yake mahali ambapo foleni ya Kitopeni hutaka pua ibandikwe.

Kobe akaanza kuhesabu kutoka mwisho wa foleni ndefu.

"Mmoja," akasema. Akavuta mguu. Akapumua. "Wa pili." Akavuta mguu. Akapumua. Jua likapanda. "Wa tatu."

Tumbo la Kiboko likasema: gurrr.

"Mzee, uko salama?" Ngiri akauliza kutoka nyuma.

"Niko salama. Simameni imara."

"Wa nne," akasema Kobe kule mbali, akapumua.

Gurrr. Gurrrrr. Kiboko alitazama maji. Maji yalikuwa hatua chache tu, lakini akibanduka amejitoa. Alitazama mbele. Alifumba macho. Bi Pimbi juu ya mwamba alikuwa akiota jua. Mama Digidigi alikuwa akimlamba mtoto masikio.

"Msimamizi," Kiboko akaita, "huwezi kuharakisha?"

Kobe akasimama ili ajibu vizuri. "Uchaguzi hauharakishwi, Mzee. Sasa umenipotezea hesabu." Akageuka, akaanza kurudi kwa wa kwanza.

Hapo Kiboko akashindwa. Mkia ukaanza polepole: pta. Pta. Kisha ukapata kasi yake: pta-pta-pta-pta-pta! Majani yote ya mji, ya upande wa Ngiri na ya upande wa Swala, yakarudi kwa wenyewe. Yakampata Ngiri machoni. Yakampata Swala kifuani. Yakampata Kanga, na madoa yake yakaongezeka. Foleni ikapasuka. Watu wakakimbia kuelekea palipo juu, pakavu, upande unakotoka upepo. Palikuwa ni mahali pamoja tu: mwambani kwa Bi Pimbi.

"Rudini!" Kiboko akaita. "Wananchi, rudini, nimemaliza!"

Hakurudi mtu. Kobe alipofika kwa Kiboko alikuta nzi, na nzi hawakuwa wameandikishwa. Akapanda mpaka mwambani, akawahesabu wote taratibu, akatangaza, "Mwenyekiti ni Bi Pimbi."

Sasa wewe wa kwenye kona unaweza kucheka. Ukimaliza, nisikilize, kwa sababu kilichofuata ndicho kinachonikera mpaka leo.

Bi Pimbi aliwatazama watu wake, wamejaa mavi mpaka kwenye kope. Akamwuliza Ngiri, "Bwana Ngiri, kilichokuleta nyuma yangu ni nini?"

Ngiri akafuta jicho moja. "Nilimfikiria marehemu mtoto wa Mama Digidigi," akasema.

"Nawe, Bi Kanga?"

"Nilimfikiria mtoto."

"Nawe, Bwana Swala?"

"Mtoto, Bi Pimbi. Tangu asubuhi nilikuwa nikimwaza mtoto."

Na walisema kwa uso mkavu, wote, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na kutikisa kichwa. Walipofika mwisho walikuwa wameshaanza kuamini. Mama Digidigi alikuwa amesimama pale pale. Alijua. Alikuwa amesimama mwambani pale asubuhi nzima akitazama nyuma yake, akaona upepo. Angeweza kusema neno moja, na mji mzima ungeona aibu, na mji ukiona aibu hukasirika, na ukikasirika haubebi kikapu. Akamtazama mtoto wake.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana, majirani zangu."

Akainama akachukua kikapu chake, akashuka bwawani. Bi Pimbi akamfuata. Kisha Ngiri, kwa vile alikuwa anakwenda kunawa hata hivyo. Kisha wengine. Na kwa vile wameshafika, na kwa vile mwenyekiti anawatazama, wakachota. Kodi ya tope ikarudi siku ile. Walinung'unika siku ile, wakanung'unika kesho yake, na Ngiri alituma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Bi Pimbi akamjibu kwamba kikapu kitamfuata nyumbani. Ngiri akaja. Kiboko alibaki katikati ya bwawa, akimwambia kila apitaye kwamba kura zake ziliibiwa.

Kiangazi kilipokuwa kikali kabisa, mtoto wa pili wa Mama Digidigi alishuka bwawani kwa mara ya kwanza. Akakanyaga: tik. Akakanyaga tena: tik. Ardhi ngumu. Akainamisha shingo akanywa, akanywa mpaka pua ikalowa, akarudi kwa mama yake akiyumba. Hapo Mama Digidigi alilia, kwa ajili ya watoto wake wote wawili.

Nanyi mnataka fundisho, najua. Ngano hii inatufundisha kwamba raia wema wakisimama kumchagua kiongozi, hawatazami shibe wala makelele. Siku zote huwa wanawafikiria watoto wao.

Nimeitua ngano yangu hapa.
— Tumeiona!
— Ni nzito?
— Si nzito!
— Basi kesho nani ataibeba?
— Jirani!

Haya. Nendeni mkalale.