Darubini ya Mzee Songoro

Nyamazeni kidogo, na mwenye simu aizime. Kisa hiki kina msiba ndani yake, sitaki kukisimulia huku watu wanachekacheka.

Palikuwa na mama mmoja kule Tabora, Bi Nyamizi, mke wa Mzee Songoro aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Walijaliwa watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Idrisa alitunga muziki. Maganga alikuwa mchoraji, na mkono wake haukukosea. Kalunde, binti pekee, alijaliwa sauti. Akiimba jikoni, majirani walisahau mboga zao motoni.

Baba yao alikuwa na kitu kimoja alichokienzi, darubini ya shaba. Jioni aliwapigia watoto mluzi warudi kutoka michezoni, na waliochelewa waliitwa kwa sauti ya kuvuta, “Rudiniii.” Kisha aliwaonyesha Kilimia, zile nyota zilizosongamana, ikichomoza juu ya tangi la maji la stesheni. Waligombea zamu, naye akiwaambia kuwa darubini haigawanyiki.

Uzee ukaja na ugonjwa wa kusahau. Mzee Songoro aliwasahau watoto, mwishowe akamsahau na mkewe. Akawa anamwita “dada,” akimuuliza kwa adabu mwenye nyumba atarudi lini, ili amuage aende zake kwao. Bi Nyamizi alimjibu kwa upole kila mara, kisha akaenda kulia uani. Jamani, kuna upweke kuushinda huo?

Watoto walijaribu. Idrisa alimpigia ule mluzi. Mzee akatazama dirishani, basi. Maganga alimchorea Kilimia. Mzee akaisifu kazi ile, akauliza kijana huyu ni mtoto wa nani. Kalunde akamwimbia. Akasinzia.

Ikatokea kituo kimoja cha televisheni kinaandaa tamthilia ya watu waliopotea angani, walioondoka duniani kwa chombo cha anga zamani hata wakasahau njia ya kurudi. Watatu wale wakapewa kazi ya utangulizi, yaani muziki na picha za kufungulia kabla hadithi yenyewe haijaanza.

Idrisa akauchukua mluzi wa baba, akaujengea muziki mzima juu yake. Maganga akachora giza, akaliwashia nyota moja moja mpaka Kilimia ikatimia, na chini kabisa akaweka tangi la stesheni, dogo, kama ndiyo dunia yote iliyobaki. Kalunde akaimba neno moja tu, “Rudini,” akilivuta vilevile alivyolivuta baba.

Siku tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, watoto walikuja kuitazama nyumbani. Bi Nyamizi hakuwa na hamu nayo. Watu gani hao wanaelea tu, hata hawapiki. Lakini alimsogezea mumewe kiti karibu na televisheni, akakaa ubavuni pake.

Utangulizi ukaanza. Mzee Songoro akaukamata kwa nguvu mkono wa kiti. Akamgeukia mkewe.

“Nyamizi,” akasema, “watoto wamekula?”

Hakuna aliyethubutu kusogea. Bi Nyamizi akajibu kwamba wamekula, wameshiba. Mzee akaomba darubini yake. Alipoletewa aliipapasa, akamwekea mkewe mapajani.

“Mpe aliyenirudisha.”

Muziki ukaisha, hadithi ikaanza, na mzee akauliza mwenye nyumba atarudi lini. Wiki haikuisha, wakamzika.

Siku ya kuanua tanga, maneno yakaanza. Idrisa alisema mzee aliukamata mkono wa kiti uliposikika mluzi, kabla nyota hata moja haijawaka. Maganga akauliza ni nani duniani aliyewahi kuomba darubini kwa sababu ya wimbo. Baba aliiona Kilimia, ndipo akarudi. Kalunde alikuwa analia.

“Aliambiwa arudi, akarudi,” akasema. “Nani alimwambia?”

Tangu siku hiyo hawajala sahani moja. Bi Nyamizi anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Akimpa mmoja darubini ile, wale wawili watajua maisha yao yote kwamba baba hakurudi kwa ajili yao. Naye ana lake moyoni, hajamwambia mtu: mumewe aliporudi, jina alilolitaja ni lake. Lakini kama alimkusudia yeye, mbona alisema “mpe”?

Darubini ingali kabatini mwake, imeviringishwa kwenye kanga. Kila Idi watoto huja, hulitazama kabati, hakuna anayeuliza. Bi Nyamizi alikuwa akijiambia ataamua polepole, hakuna haraka.

Juzi Kalunde alimpelekea chai. Bi Nyamizi akaipokea, akashukuru vizuri sana.

“Ahsante, dada,” akasema.

Kisha akashtuka, akakiweka kikombe chini.

Basi hana tena muda wa polepole. Nyinyi mliokaa hapa mmeyasikia yote, na mimi sina la kuongeza. Ungekuwa wewe Bi Nyamizi, na akili ingali yako leo, darubini ungempa nani?