Kaburi la Cikuru

"Aliyechimba ndiye ajuaye kaburi." Mmeisikia kwenye ugomvi wa majirani, mkacheka. Haya, kaeni. Methali hii haikuanza kwa kicheko, ilianza hivi.

Palikuwa na kilima ambako majirani waliinukiana na mapanga, wakachinjana. Nabintu aliponea ndani ya shimo la kuivishia ndizi. Mumewe, Cikuru, aliuawa, na mwili wake haukuonekana. Kwa desturi yao mjane hanyoi nywele wala matanga hayaondoki mpaka marehemu azikwe na watu wake. Basi Nabintu hakunyoa. Nywele zikamsokoteka, na usingizi ukamkimbia.

Akawa anachimba. Mvua ikilainisha ardhi tu, huyoo, jembe begani! Alichimba migombani, kando ya kijito, hata ndani ya zizi lake mwenyewe. Watu wakasema karukwa na akili. Wapi! Alitaka mifupa tu, ampumzishe mumewe, naye apumzike.

Zihindula, jirani yake, akimwona anachimba hupita njia nyingine. Zamani alikuwa rafiki wa Cikuru, kisha akawa katika kundi lile la wauaji. Kifungo alikwisha kukimaliza. Nabintu alimchukia, akaapa kutosema naye kamwe. Na hapo ndipo alipokosea, wanangu: alichimba kilima kizima, asichimbe kinywa kimoja.

Siku mpini wa jembe ulipovunjika, naye akakivunja kiapo chake: alikwenda nalo moja kwa moja mpaka uani kwa Zihindula.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Cikuru yuko wapi?"

Mwanamume akarudi nyuma hatua moja. "Nikikuonyesha, utaniua?"

"Sijui. Nionyeshe."

Akampeleka kwenye shamba lake la mihogo, pembeni, mahali ambapo hakuwahi kupanda kitu.

"Walinilazimisha, mama, mimi..."

"Nyamaza. Chimba."

Akachimba kwa mikono, huku analia kwa sauti. Nabintu alisimama akitazama, jembe bovu mkononi, mpaka mifupa ikaonekana.

Mazikoni watu walijaa. Zihindula akajibanza nyuma ya ua. Nabintu alikwisha kushika udongo wa kwanza, lakini hakuutupa. Akamwita mbele ya wote:

"Njoo utie udongo. Ulimfukia kama mbwa; leo mzike kama rafiki yako."

Akaja, akatia udongo. "Umenisamehe?"

"Nimeanza. Usiniharakishe."

Jioni ile Nabintu alinyolewa, akalala mpaka jua likamchoma miguuni. Tangu siku hiyo, mtu akihangaika na donda lake huku anamkwepa aliyemtia, watu wa kilima kile humwambia neno moja tu. Haya, lisemeni sasa, nione nani atacheka: aliyechimba ndiye ajuaye kaburi.