Siku Risasi Alipokubali Kupitwa

Apitwaye bondeni hupokewa mlimani. Mmeisikia leo asubuhi kwa Bibi Nasemba, alipokuwa akimtetea mjukuu wake anayerudia darasa. Mkacheka kwanza, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Haya, kaeni, ila mikono isiache kuosha tangawizi, maana masikio hayahitaji maji. Methali hii ilianza hivi.

Huko tambarare, chini ya milima yetu ya Upare, barabara ya lami ilipokuwa bado haijafika mnadani, aliishi fundi mmoja jina lake Elinihaki. Jina hilo lilitumiwa na mama yake na mchungaji aliyembatiza. Watu wengine wote walimwita Risasi, naye alipoitwa hivyo aligeuka haraka kuliko alipoitwa jina lake.

Kilichompa sifa hiyo ni pikipiki ya magurudumu manne aliyoinunua ikiwa mbovu kutoka shamba la mkonge. Aliifufua kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakaiita Meza, kwa kuwa haikuwahi kuegemea kitu ili isimame. Kila siku ya mnada vijana walishindana mbio kwenye ile barabara ndefu inayokata mashamba ya mkonge, na kila siku ya mnada Meza ilitangulia. Elinihaki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kupitwa, kwake, kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo hadharani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hadithi ilipofungwa fundo. Chombo kama kile huendeshwa na mnyororo unaozunguka sproketi mbili, yaani vile visahani vya chuma vyenye meno, kimoja kwenye injini na kingine nyuma kwenye magurudumu. Cha nyuma kikiwa kikubwa, chombo huenda polepole lakini huvuta kama maksai. Kikiwa kidogo, chombo huruka, ila nguvu ya kuvuta huipoteza. Injini ni ileile. Mwenye chombo ndiye anayechagua aitumie kwa lipi, na mtaka yote hukosa yote. Elinihaki alikuwa amekwisha kuchagua. Ile sproketi kubwa ya nyuma aliing'oa, akaitundika kwenye msumari ukutani pa karakana, akafunga ndogo.

Mama yake aliitwa Nakijwa. Alikuwa ameshuka kutoka kijiji cha Vumwe, kule juu ukingoni, kuja kumlea mjukuu wake wa kwanza. Alipotaka kurudi, magoti yalikataa. Miaka ikapita. Dada yake mkubwa, Namkunda, alibaki Vumwe, naye nyonga zilimfunga asiweze kuvuka ua wake. Dada wawili waliolala ngozi moja utotoni wakawa wanatazamana kwa mbali, mmoja juu na mwingine chini, kati yao mlima.

Walichofanya ni hiki. Kila asubuhi ya mnada Namkunda alichoma majani mabichi ukingoni mwa ua wake, na moshi ukapanda mweupe juu ya miamba. Nakijwa naye aliwasha moto wake kule chini akajibu. Watu waliokuja kuuza mbuzi na vitunguu walikuwa wakiweka mizigo chini na kutazama. Hakuna aliyewafundisha kunyamaza, lakini walinyamaza.

Ndipo likashuka neno kutoka Vumwe: Namkunda ameacha kula, na anataka kumwona mdogo wake.

"Nipeleke," Nakijwa alimwambia mwanawe.

Gari halikuweza kupita njia ile, kwa kuwa ilikuwa nyembamba, iliyochimbwa kwa majembe siku za msaragambo, watu wa kijiji kizima wakiitwa kwa baragumu kufanya kazi pamoja. Pikipiki ya kawaida Nakijwa hakuweza kuipanda kwa magoti yale. Vijana wa kanisani wakajitolea kumbeba kwa machela. Nakijwa akakataa.

"Machela nimeiona ikipandisha wagonjwa na kushusha maiti," alisema. "Mimi siumwi. Nitapanda mlima nimekaa kitako kama mtu."

Basi kiti cha mbao kikafungwa nyuma ya Meza kwa kamba za mkonge, na asubuhi ya mnada wakaondoka.

Msidhani Elinihaki hakujua. Alikuwa fundi, alijua vizuri kabisa kwamba sproketi ndogo haiwezi kupandisha watu wawili pale panapoitwa Mvunja Nia, mwinuko ambao hata punda husimama kwanza akaufikiria. Lakini mbio zilikuwa alasiri ileile. Akijua dawa, akatafuta hirizi: akapunguza upepo kwenye matairi, akajaza mafuta ya bei kubwa, akapaka mnyororo grisi mpaka ukameremeta. Akajiambia atauchukua mlima kwa kasi, amfikishe mama, awahi mashindano.

Akauvamia kwa kasi kweli. Meza ilinguruma, ikapanda kidogo, ikaanza kukohoa. Harufu ya klachi inayoungua ikajaa puani. Injini ikazima, na chombo kikarudi nyuma, breki zikilia, kokoto zikiporomoka bondeni, mpaka gurudumu la nyuma lilipojikita kwenye jiwe, ukingoni kabisa. Elinihaki aliung'ang'ania usukani. Aliogopa kugeuka kumtazama mama yake.

Nakijwa alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa hamtazami yeye. Alitazama juu, ambako moshi ulikuwa ukipanda, mwembamba kuliko siku zote.

"Anajua nakuja," alisema. "Amewasha mapema. Majani mabichi hayadumu."

"Mama, nisamehe."

"Chombo chako kina ugonjwa?"

"Hakina."

"Basi nini?"

Elinihaki akasema kwa sauti ndogo, "Kuna sproketi niliyoitoa. Nikiirudisha, tutapanda. Lakini kule chini kila mtu atanipita. Leo hii, na mnada umejaa."

Mama yake akaitafakari hoja hiyo kwa haki kabisa, kama ambavyo angeitafakari hoja ya mtu mzima.

"Na wakishakupita," aliuliza, "wanakwenda wapi?"

Elinihaki akaitazama barabara kule tambarare. Walikuwa wanakwenda mwisho wa barabara ya mkonge, wanageuza, wanarudi. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja. Alijisikia mtupu, na kwa namna ya ajabu alijisikia mwepesi.

Wakateremka taratibu mpaka karakana. Mnada ulikuwa umechangamka, na watu wakakusanyika kumwona Risasi akiitungua sproketi kubwa kutoka ukutani. Alifungua gurudumu, akatoa ndogo, akafunga kubwa. Mnyororo haukufika, akauongezea pingili kutoka mnyororo wa zamani. Mbele, kwenye injini, ambako mambo ni kinyume na ndogo ndiyo huvuta, akaweka ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Mkomwa, mwendesha bodaboda aliyekuwa akishika nafasi ya pili kila mnada, akaja akainama kuchungulia.

"Risasi, mbio ni alasiri, na wewe unafunga sinia la pilau?"

Watu wakacheka. Elinihaki alihisi masikio yakiungua, lakini mikono yake haikusimama.

"Nampeleka mama kwa mama mkubwa," alisema.

Wakaondoka tena. Ndugu zangu, safari ile ya tambarare ilikuwa ndefu. Meza ilinguruma sana ikaenda kidogo. Pikipiki zikawapita zikipiga honi. Mwanamke mwenye matenga ya nyanya kwenye baiskeli akawapita, akasalimu kwa heshima zote. Mchoma mkaa, baiskeli yake imeelemewa mpaka tairi zimelala, akawapita naye, akageuka nyuma kuhakikisha macho yake hayamdanganyi.

"Kuna mbuzi nyuma yetu," alisema Nakijwa. "Anaonekana ana haraka. Mpishe."

Elinihaki akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza siku ile, na baada ya hapo hakuhesabu tena waliompita.

Mkomwa na wenzake walikuwa wametangulia kwenda Mvunja Nia, wawili wawili kwenye kila pikipiki, ili wamwone akishindwa mara ya pili na kumcheka vizuri. Wakataka kupanda kidogo wapate mahali pazuri pa kutazamia. Pikipiki zao, zilizozoea tambarare kama ilivyozoea Meza, zikazima moja baada ya nyingine. Meza ilipofika iliwakuta wametawanyika njiani, wanasukuma, jasho linawatiririka.

Elinihaki hakuongeza kasi. Aliweka gia ya kwanza, akaachia klachi pole, na Meza ikaanza kupanda.

Waliokuwepo walisimulia mpaka uzee wao, na kila aliyesimulia alishusha sauti alipofika hapa. Chombo kilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kanisani. Meno yaliuma mnyororo moja moja, matairi yakashika jiwe, yakaliachia, yakashika jingine. Mahali palipokishinda asubuhi kikapita kama hapakuwa na kitu. Vijana wakasogea kando. Mkomwa akavua kofia bila kujua kwa nini. Wakulima waliokuwa kwenye matuta ya juu wakanyoosha migongo na kusimama, majembe mikononi, na mlima mzima ukawa kimya, isipokuwa ule mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Na juu ya kiti, amekaa wima, kanga kichwani, mwanamke ambaye hakuwa ameuona upande ule wa mlima tangu magoti yake yalipomkatalia. Alikuwa akitaja majina ya mashamba, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kujiambia mwenyewe. Elinihaki aliyasikia mgongoni kwake, na machozi yalimtoka akayaacha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Watu wa Vumwe waliusikia mlio kabla hawajaona kitu. Kwetu mgeni hafiki uwanjani na mzigo wake, hupokewa njiani. Wakashuka kumlaki, na kwa kuwa hakuwa na mzigo, wakakipokea kiti, yeye mwenyewe akiwa juu yake, wakakibeba mpaka kwenye ua wa Namkunda na kukiweka ubavuni mwa mkeka wake.

Kisha Namkunda akanyoosha mkono, akagusa magoti ya mdogo wake, moja, halafu jingine.

"Ndiyo haya yaliyokuzuia?"

"Ndiyo haya, dada."

"Nilidhani utanikuta nimeondoka," alisema Namkunda. Akakiegemeza kichwa chake kwenye magoti yale mabovu, akalia kama mtoto. Nakijwa akamfunika kwa kanga yake. Uji ulioletwa jioni hiyo Namkunda aliunywa wote, kutoka mkononi mwa mdogo wake.

Mkomwa na wenzake walifika baadaye, kwa miguu, wakisukuma. Walipewa viti. Mkomwa alikuwa bado hajaamini.

"Mama mkubwa," alimwambia Namkunda, "huyu tumempita sote kule chini. Hata baiskeli ya mkaa imempita."

Namkunda akamtazama Elinihaki, aliyekuwa ameketi peke yake kando ya chombo chake, uso umejaa vumbi.

"Apitwaye bondeni hupokewa mlimani," alisema. "Mpeni maji anawe."

Nakijwa hakushuka tena mwaka ule. Masika yalipoanza Namkunda alifariki, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mdogo wake, kama alivyotaka. Elinihaki hakuibadilisha tena ile sproketi. Alipandisha wagonjwa, mbegu na mabati ya shule, na kule tambarare aliendelea kupitwa na kila mwenye miguu.

Mbio za alasiri ile zilikimbiwa, na mtu fulani akashinda. Nimeuliza wazee wengi jina lake, na sijapata anayelikumbuka. Basi mwenzenu akirudia darasa mwacheni arudie. Apitwaye bondeni hupokewa mlimani.